Risala ya Walimu wa TEHAMA, Nansio, Ukerewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti, walimu wakuu, walimu wenzangu,

Karibu Nansio. Umepanda meli kutoka Mwanza mjini kuja kufunga mafunzo yetu, na tunashukuru sana, kwani tumezoea kuvuka sisi.

Mheshimiwa, aliyetufundisha wiki hii ni mwenzetu, mwalimu wa Hisabati. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa kwa walimu, wengi wetu tulivifungia kabatini. Yeye alipokwenda mjini alipakua vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), akarudi navyo kwenye memori kadi, akatugawia wote bila mtu kununua bando.

Lakini hakuanzia kwenye mashine. Aliomba kukaa nyuma ya madarasa yetu, akaona watoto wanakwama kwenye hesabu za sehemu. Kwanza yeye alimwonyesha mwalimu aliyekuwa akihangaika na somo hilo kukunja karatasi nusu, kisha robo. Kishikwambi kilifuata baadaye. Ndiyo maana tulimwamini. Tumewahi kupata wakufunzi waliotuonyesha vitufe siku nzima, na Jumatatu tukarudi ubaoni vilevile.

Kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, akawa mwezeshaji wa jumuiya yetu ya ujifunzaji, ambamo walimu tunajifunza pamoja, na sasa shule jirani zinamwita.

Hapa ndipo penye uchungu, Mheshimiwa. Vipindi vyake havijapungua hata kimoja. Printa ikikwama anaitwa yeye; mfumo wa matokeo ukigoma anaitwa yeye, na darasa linabaki likimsubiri. Nauli ya mtumbwi kwenda shule za visiwa vidogo anatoa mfukoni. Siku ya kupanga vifaa vinunuliwe vipi na viende wapi, haitwi. Amegeuzwa fundi, wakati kazi anayoifanya ni ya kuongoza walimu.

Tunakuomba apewe angalau siku moja kwa wiki isiyo na vipindi, pamoja na nauli. Zaidi ya hapo, kazi hii itambuliwe rasmi ngazi ya kata. Leo mwalimu kijana anayetaka kupanda anatazama ualimu mkuu au uafisa elimu kata. Hodari wa kufundisha kwa teknolojia naye aone pa kukua akiwa bado na darasa lake.

Kabla ya meli kuondoka, tafadhali pita Darasa la Tano. Wanafunzi wa mwenzetu huyu wamekuandalia kipindi cha sehemu, na karatasi za kukunja zipo tayari.

Naomba kuwasilisha.