Vibonzo vya Denmark na miezi minne iliyopotea

Mhariri,

Kila zinapozuka vurugu za kidini kwa sababu ya picha, vyombo vyetu vya habari huandika kwamba kibonzo ndicho kilichowasha moto, kana kwamba hapakuwa na mikono mingine katikati.

Gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapisha vibonzo 12 vya Mtume Muhammad (S.A.W.) tarehe 30 Septemba 2005. Ubalozi wa Denmark mjini Damascus, Syria, ulichomwa moto tarehe 4 Februari 2006, zaidi ya miezi minne baadaye. Katika muda huo mabalozi wa nchi 11 walimwomba Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen wakutane naye, akakataa. Na baadhi ya maimamu wa Denmark, walipoona malalamiko yao hayasikilizwi, wakaenda Mashariki ya Kati na jalada lenye vibonzo hivyo pamoja na picha nyingine mbaya zaidi, ambazo gazeti hilo halikuwa limezichapisha.

Mimi ni Mwislamu, na vibonzo vile viliniumiza. Kibonzo cha siasa hufanya kazi kwa kutia chumvi, na mwanasiasa anayechorwa tumbo kubwa anajua kwamba anasemwa yeye. Lakini Mtume anapochorwa na bomu kwenye kilemba, kila muumini, hata yule asiyewahi kumdhuru mtu, anaelewa kwamba dini yake yote imeitwa ugaidi. Uchungu huo ni wa kweli. Hata hivyo haukumtuma mtu yeyote Maiduguri, ambako Februari 2006 Wakristo wa Nigeria waliuawa na makanisa yao kuchomwa, kisha Waislamu wakauawa Onitsha, kusini mwa nchi hiyo, kwa kulipiza kisasi. Nchini Niger, Januari 2015, makanisa yaliteketezwa kwa sababu ya kibonzo cha Charlie Hebdo, gazeti la dhihaka la Ufaransa, kilichochorwa Paris. Nasi tuliyaona Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba 2012, pale ugomvi wa watoto juu ya msahafu ulipoishia kwa makanisa kuvamiwa.

Naliomba gazeti lako, likiripoti tena ghasia za namna hii, litueleze picha ilitoka lini, nani aliisambaza na kwa faida gani, nani alilalamika mapema akapuuzwa, na waliouawa walihusiana vipi na mchoraji.

Msomaji wako,
Tanga