Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maboksi ya Zamani Yamerudi Mezani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu meza za chama zimejaa maboksi ya zamani. Wenzetu wengi walioacha kuunda modeli za magari ya mashindano wakiwa vijana wamerudi, na wamerudi na seti (maboksi ya vipande vya plastiki vya kuunganisha) zilezile walizozificha kabatini. Kamati inawapokea kwa mikono miwili, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni kwa ajili yao. Kasoro tulizoziona mara kwa mara hazitokani na mikono iliyosahau kazi. Zinatokana na vitu vilivyozeeka ndani ya boksi, na karibu vyote vina dawa.

Anzeni na matairi kabla ya kukata kipande chochote. Matairi ya seti nyingi ni ya vinaili, na vinaili hulainishwa kwa kemikali yenye asili ya mafuta ambayo haitulii. Miaka inavyopita huhama, na ikikutana na polistirini, plastiki ya vipande vya modeli, huila. Ndiyo maana unafungua boksi ambalo halijawahi kuguswa ukakuta bodi ina kovu lenye umbo la tairi. Kovu hilo huzibwa kwa puti, ukasubiri saa 24 ili puti imalize kusinyaa, kisha msasa namba 400, 600, na praima (rangi ya kwanza ya msingi) ya kijivu ikuonyeshe kilichobaki. Matairi yawekwe kwenye mfuko wake peke yake. Na modeli iliyokamilika isisimamishwe moja kwa moja juu ya kitako cha plastiki cha kasha la maonyesho, kwa sababu kemikali ileile hufanya kazi yake hapo pia, na siku ya kuinyanyua tairi linakuwa limeshagandia.

Stika za maji, zile zinazolowekwa ili zitoke kwenye karatasi yake, huzeeka kwa namna mbili. Zipo zinazogeuka manjano: hizo tia kwenye mfuko unaofungika, bandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, uso ukitazama nje, na uziangalie kila baada ya siku chache. Zipo zinazosambaratika zikigusa maji, na hizo ndizo zinazoumiza. Kata stika moja usiyoihitaji, iloweke sekunde 30 kwenye maji ya uvuguvugu, uone. Ikivunjika, pulizia karatasi nzima vanishi ya laka (ya thina kali, inayokauka haraka) mara mbili, nyembamba, uiache siku moja. Baada ya hapo kila stika lazima ikatwe kwa wembe kufuata ukingo wake, maana vanishi imeshazifunga zote kuwa utando mmoja.

Stika hubandikwa juu ya uso unaong'aa. Kwenye rangi isiyong'aa hewa hunaswa katika vijishimo vya rangi, na mwanga ukipiga unaona weupe wa fedha chini ya namba ya gari. Tundu la sindano na tone la dawa ya kulainisha stika huokoa kiputo kimoja, lakini uso mzima hauokoki hivyo. Vanishi ya mwisho isubiri siku mbili, na mipulizo mitatu ya kwanza iwe ya ukungu tu. Laka ikimwagwa nzito siku ya kwanza, stika hujikunja mbele ya macho yako.

Kwenye rangi ndiko modeli nyingi za mwaka huu zilikokwama. Osheni vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, maana mafuta yaliyobaki kutoka kwenye kalibu ya kiwandani huikataa rangi. Brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3 inatosha kwa bodi yoyote ya skeli ya 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi) au 1/20: shinikizo la bar 1 hadi 1.4, umbali wa sentimita 10 hadi 15, laka ikipunguzwa kwa thina, sehemu moja ya laka kwa sehemu moja hadi mbili za thina. Kopo la kupuliza lishikwe sentimita 20 hadi 25, na lipashwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 40, kamwe si kwa moto. Rangi ikitoka na vipele kama ganda la chungwa, sababu yake ni kwamba ilianza kukauka kabla ya kufika: ulikuwa mbali mno au rangi ilikuwa nzito. Iache ikauke kabisa, kisha msasa wa maji namba 2000 na polishi. Kwenye kingo za milango na matundu ya hewa usisugue, kwa maana huko rangi ni nyembamba na praima hujitokeza mara moja. Laka ikiota ukungu mweupe, ni unyevunyevu wa hewa. Subiri siku kavu.

Laka isipande juu ya enameli (rangi ya mafuta), itaichana. Enameli juu ya laka iliyokauka ni salama.

Plastiki nyekundu iliyopakwa rangi nyeupe hugeuka waridi baada ya wiki chache, hata juu ya praima. Puliza rangi ya fedha kwanza, kisha praima nyeupe. Wanaounda McLaren MP4/4, gari lililoshinda mbio 15 kati ya 16 za mwaka 1988, wakumbuke kuwa nyekundu yake ni ya kung'ara na haifuniki kitu: bila nyeupe safi chini yake hutoka chafu.

Majaji wanaomba niseme jambo kuhusu vikorombwezo. Stika za kuiga nyuzi za kaboni zimeanza kubandikwa kila mahali. Chesisi ya kaboni iliingia Formula 1 na McLaren MP4/1 ya mwaka 1981, hivyo chesisi ya Lotus 79 ya mwaka 1978 haina kwa nini kuvikwa kaboni, ile ni alumini. Nyaya za plagi za injini nazo zinatoka nene mno. Waya halisi una kama milimita 7, kwa hiyo kwa 1/24 tafuta waya wa milimita 0.3, kwa 1/12 milimita 0.6. Mkanda wa kiti wa milimita 75 huwa 3.1 kwa 1/24 na 3.75 kwa 1/20.

Wanaotumia vanishi ya urithani ya kuchanganya na kigumishi: barakoa ya karatasi haizuii mvuke wake wenye sumu, isosayanati. Bila barakoa ya vichujio inayofaa, glavu na hewa inayopita, kamati haitaruhusu ipulizwe ndani ya karakana ya chama.

Kuna mapendekezo mawili ya kupigia kura. La kwanza, kila modeli iwekwe juu ya kioo kabla ya kuhukumiwa, na gurudumu lisilogusa lipunguze alama kabla ya kingine chochote. Dawa yake inajulikana: gundisha mikono ya sasipensheni kwa gundi inayokauka polepole, simamisha gari juu ya kioo, weka vipande vya kadi chini ya chesisi kuishika kimo, uache usiku kucha. Tyrrell P34, gari la Formula 1 lenye magurudumu sita, haiundiki vizuri kwa njia nyingine. La pili, kianzishwe kitengo cha seti za zamani, na karatasi ya maelekezo iletwe pamoja na modeli.

Mweka hazina atasoma hesabu baada ya kura.