Wanangu wa maliasili, msitu mwingi uko kijijini

Kwenu wanangu mnaosoma uhifadhi wa maliasili pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzenu wa vyuo vingine vya umma.

Salaam nyingi. Natumaini hamjambo na masomo yanakwenda.

Nimefanya kazi ya ubwana misitu mpaka nikastaafu, na vijana wa fani yenu hunijia kuomba ushauri. Karibu wote wana ndoto moja: Serengeti, gwanda, gari la doria, tembo. Siwalaumu, kazi ile ni ya heshima. Lakini tathmini ya misitu ya taifa, ile ya NAFORMA iliyotoka 2015, ilikuta Tanzania Bara ina misitu ya hekta milioni 48, na karibu nusu yake imo kwenye ardhi ya vijiji. Huko hakuna geti wala askari. Huko ndiko miti inakoisha kwa mashamba mapya, kwa mkaa na kwa mbao, na huko ndiko ninakowaomba mwende.

Mwende kwa adabu, maana mtawakuta watu walioanza kazi hii kabla yenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, kule Babati, kuwa hifadhi yake. Wanakijiji wakakataa, wakasema watautunza wenyewe. Nawapongeza maofisa waliokubali kuwasikiliza. Kila kijiji kikashika sehemu yake, kikatunga sheria ndogo, kikachagua walinzi. Sheria ya Misitu ya 2002, mtakayoisoma usiku kucha kwa ajili ya mtihani, ilikuja baada ya wazee wale kubishana mkutanoni.

Sasa niseme la mkaa, kwa sababu ndipo wasomi wetu wengi wanapokosea. Mkipelekwa fildi Kitulangalo au kwingineko, mtafundishwa kupima kipenyo cha mti kwenye urefu wa mita 1.3 na kujaza fomu. Jifunzeni vizuri. Kisha mtafuteni mchoma mkaa, mkae naye kwenye tanuri lake kutwa nzima. Atawaonyesha magogo yalivyopangwa, majani yalivyotandazwa juu yake na udongo uliofunika vyote. Moshi wa mwanzo ni mweupe, mzito. Ukigeuka mwepesi wenye rangi ya samawati, anajua mkaa unakaribia kuiva. Udongo ukititia upande mmoja anakimbilia kuziba, maana hewa ikiingia atavuna majivu. Mtu huyo anaujua msitu kwa namna ambayo hamtaipata darasani.

Mwombeni awapeleke alikokata miaka iliyopita, mkaangalie visiki. Miombo, miti ya misitu yetu mingi ya vijijini, huchipua. Kisiki kikiachwa salama, moto na jembe visipokifikia, machipukizi yanapanda na msitu unarudi. Kilosa kuna vijiji vilivyojengea mpango wao wa mkaa juu ya jambo hilo hilo: wanavuna vipande vya mita 50 kwa 50, wanaruka vya jirani, kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24, na ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Afisa anayemwona kila mchoma mkaa ni mhalifu hawezi kuandika mpango wa namna hiyo.

Takwimu na picha za setilaiti zisomeni kwa bidii, zina faida kubwa. Ila mkumbuke kwamba wengi wenu mnasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, yaani fedha za umma, na katika umma huo yumo mama wa Manzese, Dar es Salaam, anayenunua mkaa wa kopo kila jioni. Mkitaka aache, mjue kwanza atapikia nini.

Nina ombi moja la mwisho, nalo linaniuma. Nimewaona watafiti wakifika kijijini, wakapima, wakahoji, wakaondoka wasionekane tena. Ninyi msifanye hivyo. Ukimaliza utafiti wako wa mwaka wa mwisho, andika matokeo kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, uombe nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji uyasome. Jibu maswali yao mpaka yaishe. Nakala moja muachie mwenyekiti wa kamati ya maliasili, nyingine ofisi ya kijiji, na ya tatu mwalimu wa shule ya msingi ya pale.

Ni mimi mzee wenu,
Bwana misitu mstaafu