Kuhusu dada yetu na shemeji aliyelazwa Ujerumani

Hamjambo wanakikundi. Dada yetu bado yuko Ujerumani anamuuguza shemeji. Kiharusi kimemnyima usemi, lakini mkewe akimnyoa ndevu hutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Visa ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inamruhusu dada siku 90 tu ndani ya siku 180, kwa hiyo ameanza kuulizia kibali cha ukaazi. Wale mnaosema arudi kwa sababu shemeji ana bima: bima haimlishi mtu uji kwa kijiko.

Mchango mtumieni mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa. Atakayepita mtaa wa Umoja awajulie hali watoto wao na nyanya yao. Tena msimpigie dada simu alfajiri yetu jamani, kule kunakuwa bado usiku, na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu.