Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wagonjwa wenzangu wa saratani na ninyi mnaotuuguza, habari za masiku.

Mahesabu mtayapata kwa mhazini, na ziara za wodini katibu ameshaziandika vizuri. Mimi nina jambo moja: bei ya dawa, na haki iliyo mikononi mwa serikali juu ya bei hiyo.

Lilianza na mzee wetu wa Igombe, mvuvi, mgonjwa wa saratani ya tezi dume. Alikuja kikaoni na mfuko wa rambo, ndani kuna risiti na kopo la vidonge vya mwezi mmoja. Kwa kopo hilo aliuza injini ya mtumbwi. Alilitikisa, vikalia vidonge vichache vilivyobaki, akauliza: "Mwenyekiti, likiisha hili niuze na mtumbwi?" Sikuwa na jibu.

Dawa ile, enzalutamide, iligunduliwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa msaada wa kodi za Wamarekani. Huko ipo sheria ya mwaka 1980, ya maseneta Bayh na Dole. Uvumbuzi uliogharamiwa na umma usipowafikia watu kwa masharti yanayobebeka, serikali inaweza kumpa leseni mtengenezaji mwingine. Wagonjwa waliomba haki hiyo itumike kwa dawa hii, na mwaka 2023 wakakataliwa. Tangu itungwe hadi uamuzi ule, haikuwa imetumika hata mara moja. Nchi tajiri, sheria nzuri, na bado mgonjwa anahesabu vidonge!

India walithubutu. Machi 2012 walitoa leseni ya lazima kwa sorafenib, dawa ya saratani ya ini na figo: yaani ruhusa kwa mtengenezaji mwingine bila ridhaa ya mwenye hataza, yule mwenye haki ya pekee ya kuitengeneza na kuiuza. Bei ya mwezi ilikuwa rupia 280,000 hivi. Kampuni ya Natco ikaruhusiwa kuiuza kwa rupia 8,800, na mwenye hataza akalipwa asilimia 6 ya mauzo. Hakudhulumiwa mtu.

Sasa sisi. Sheria yetu ya Hataza, Sura ya 217, ni ya mwaka 1987, nayo inairuhusu serikali kutumia uvumbuzi wenye hataza kwa manufaa ya umma. Zaidi ya hapo, chini ya Shirika la Biashara Duniani, nchi maskini zaidi duniani, Tanzania ikiwemo, hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033, isipokuwa nchi itoke kwenye kundi hilo kabla. Mlango uko wazi, na muda unakwenda.

Niseme na hili, kwa sababu wapo wanaotupia hataza kila lawama. Tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti, haina hataza kwa miaka mingi, lakini mwaka huu kina mama zetu wameikosa dirishani zaidi ya mara moja. Hapo tatizo ni kuagiza na kusambaza, na tutalidai kwa jina lake.

Kamati imeandaa barua kwa Waziri wa Afya, itakayopitia kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Tunaomba wizara ipitie dawa za saratani moja moja, ieleze ipi ina hataza hapa nchini, na kwa ipi iko tayari kutumia haki yake. Barua bila ushahidi itawekwa kando, kwa hiyo leteni risiti zenu, hata zilizochakaa. Katibu atazitoa nakala na kufuta majina. Ya mzee wa Igombe tayari iko juu ya faili.