Wito wa harambee: tupate chumba chenye mlango kabla ya masika

Shikamooni wazee wetu. Assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Kwenu wana Ngamiani mlioko hapa Tanga, na nyie mliotawanyika Dar, Arusha mpaka Muscat: tunarudi kwenu na bakuli mkononi, na haya tunaiona, maana hata mwaka haujaisha tangu mchangie nauli za wagonjwa wetu watatu kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar. Mlitoa bila kuuliza. Safari hii tunaomba muulize, nasi tutaeleza.

Kila Jumamosi kikundi chetu cha akina mama hukutana kwenye kibanda cha nguzo sita. Tunapima uzito, kiuno, presha na sukari, na nesi wetu mstaafu huwapima matiti wanaotaka. Bati zimeoza, kuta hakuna. Chumba cha kupimia matiti ni kanga mbili nilizozifunga mimi mwenyewe kwa kamba ya manila. Mwezi wa nne mwaka jana mvua ilitukuta katikati ya kazi. Maji yalimwagika juu ya mizani na kwenye kadi za watu, upepo ukazipeperusha zile kanga, na mama mmoja akabaki kifua wazi mbele ya kijiwe cha bodaboda. Ni muuza vitumbua, wengi wenu mmekula mkono wake. Alivaa gauni lake nje ndani, akaondoka bila kuaga. Alirudi mwezi wa kumi na moja, uvimbe ukiwa mkubwa kama kokwa la embe.

Fundo la ile kamba nalikumbuka kila nikilala.

Siku moja kabla ya kupanda basi la Dar, baada ya kuelezwa kwamba homoni huweza kulisha uvimbe wa titi, mama yule alimuuliza nesi: "Mwanangu, mimi hedhi imekoma mwaka wa kumi huu. Hizo homoni mnazozisema zinatoka wapi?"

Swali lile lilitunyamazisha, kwa sababu wengi wetu tulidhani mafuta ya mwilini ni akiba tu, kama gunia la mahindi stoo. Sivyo. Mafuta yanafanya kazi mchana na usiku. Mwanamke akikoma hedhi, ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, huacha kutengeneza homoni ya estrojeni, lakini ndani ya mafuta kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi kinachoendelea kuitengeneza. Mafuta yakizidi, estrojeni nayo huzidi, na homoni hiyo huziamuru seli za titi na za mfuko wa uzazi zigawanyike. Kadiri zinavyogawanyika ndivyo nafasi ya kukosea inavyoongezeka, na kosa kama hilo ndilo huweza kuanzisha saratani. Insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, nayo hupanda kwa mtu mwenye unene uliopitiliza, na yenyewe pia huzihimiza seli kukua.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililonitisha zaidi. Seli ya mafuta ikitanuka kupita kiasi hukosa oksijeni ya kutosha, nyingine hufa. Seli za kinga huja kuizunguka iliyokufa, zikajipanga duara kama watu waliozunguka ngoma, na kumwaga bila kukoma kemikali zile ambazo mwili huzitoa ukipambana na jeraha. Si jambo la kuuma, hata hulisikii, ila ni moto wa pumba: unafuka chini kwa chini miaka na miaka, na unachochea estrojeni zaidi. Halafu zipo seli za kinga ambazo kazi yake ni kuua seli za saratani zikiwa bado changa. Mwaka 2018 watafiti, akiwamo Lydia Lynch wa Trinity College ya Dublin, walionyesha kwamba kwa watu wanene seli hizo hujaa mafuta zenyewe. Huiona seli ya saratani, huishika, lakini nguvu ya kuiua hazina. Ni mgambo aliyemkamata mwizi shati, na rungu halinyanyuki.

Hakuna anayeweza kumwambia mama yetu kwamba uvimbe wake umeletwa na unene. Wembamba nao huugua, na wanene wengi huzeeka salama. Lakini Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja mwaka 2016 aina 13 za saratani ambazo hatari yake huongezeka kwa unene: ya titi baada ya kukoma hedhi, ya mfuko wa uzazi, ya utumbo mpana, ya ini, ya figo, ya kongosho na nyinginezo. Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Na kwetu, mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, akikonda tunamuuliza anaumwa nini. Nani atakwenda kupima uzito hadharani?

Kwa hiyo tunaomba chumba. Kimoja. Ukuta wa tofali, mlango wenye komeo, bati 42, kitanda cha kupimia, mizani mpya. Fundi amepiga hesabu ya shilingi 6,800,000. Tunazo 1,950,000 na zinazopungua ni 4,850,000. Ndugu zangu, sare za harusi mtaa huu huchangwa zikatimia ndani ya wiki moja, na mimi mwenyewe nina vijora vinne kabatini nilivyovaa mara moja moja. Fedha hii hatuishindwi.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, palepale kibandani. Mwenye bati alete bati, mwenye mfuko wa saruji alete, asiye na kitu aje kubeba mchanga. Mlio mbali, tumeni kwa mweka hazina mnayemfahamu, msitume kwa namba nyingine yoyote. Kila mchango utaandikwa daftarini, na stakabadhi zote zitabandikwa kwenye ubao wa serikali ya mtaa kila mwisho wa mwezi.

Mama wa vitumbua yuko Dar, anaendelea na matibabu. Ametuma shilingi 10,000, na akataka tumwandikie mlango utafungukia upande gani. Tumemjibu: upande wa msikitini, si wa kijiweni. Mwenyezi Mungu awazidishie pale mtakapopunguza.

Katibu, kwa niaba ya akina mama wa kikundi