Huyo jamaa yako wa kazini na hizo "haki za majimbo"

Swahiba,

Voisi yako nimeipata na nimecheka sana, ila nikaona nisikujibu kwa voisi maana ntaongea mpaka bando likate, bora nikuandikie barua kama zamani. Huku Tanga wote wazima, mvua zimechelewa lakini ndo hivyo, tunasukuma.

Sasa huyo jamaa yako wa kazini anaekwambia kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 havikuhusu utumwa, eti vilikua vya kodi na haki za majimbo, yani kila jimbo lijiamulie mambo yake bila kuingiliwa na serikali kuu, usigombane nae bure. Ni maneno ambayo wenzake wamekua wakiyasema tangu vita viishe, na yametungwa vizuri kwelikweli maana neno haki ukilisikia hivi unaona ni kitu kizuri. Ila wewe uko Cincinnati, jimbo la Ohio bwana, yani hapo ulipo ndo mahali penyewe pa kumjibia.

Huo mto Ohio unaouvuka ukienda Kentucky, enzi zile upande wako ulikua huru na ng'ambo mtu anauzwa mnadani. Januari 1856 ilipiga baridi mpaka mto ukaganda, na usiku mmoja kundi la watumwa wakatoroka wakavuka kwa miguu juu ya barafu. Kati yao alikuwepo mama mmoja anaitwa Margaret Garner, mjamzito, na mumewe na watoto wao wanne. Wakaenda kujificha kwa ndugu yao aliekua mtu huru hapo hapo mjini. Haikuchukua muda nyumba ikazingirwa, bwana aliekua anammiliki Margaret kaja kafuatana na askari wa serikali kuu. Margaret kuona hakuna pa kutokea akashika kisu akamchinja binti yake wa miaka kama miwili, na alikua anataka kuwamaliza na wengine ili wasirudi kule, wakamuwahi.

Sasa tulia hapa. Jimbo la Ohio likataka kumshtaki kwa mauaji kwenye mahakama yake, na waliokua wanalilia ashtakiwe ni watetezi wake mwenyewe! Kwa sababu ukimshtaki kwa mauaji ushakubali kwamba ni mtu, ana akili yake na anawajibika kwa alichofanya, na pia atabaki Ohio, hatorudishwa. Upande wa bwana wake wao wakasema hapana, huyu ni mali, na sheria ya serikali kuu inasema mali iliyotoroka irudishwe kwa mwenyewe. Wakavutana wiki kadhaa, gavana wa Ohio mwenyewe Salmon Chase alikua upande wa mama huyo, lakini serikali kuu ikashinda. Margaret akarudishwa Kentucky, kutoka hapo akasafirishwa kusini zaidi, akafa 1858 kwa homa ya matumbo.

Kwahiyo jimbo lilikua na haki yake ya wazi kabisa, kumshtaki mtu alieua ndani ya mipaka yake, likapokonywa, na waliopokonya ni hao hao ambao leo tunaambiwa walipigania haki za majimbo. Hapo ndo mimi nilipokamatia hili suala lote. Kusini, yani yale majimbo ya watumwa, hawakua na shida na nguvu ya serikali kuu hata kidogo, mradi nguvu hiyo inalinda utumwa wao.

Nirudi nyuma kidogo upate mtiririko. Katiba yao ya 1787 utumwa umo ndani japo neno lenyewe hawakulitaja, wakazungukazunguka tu. Watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu kwenye kugawa viti vya bunge, kwahiyo mtumwa hapigi kura lakini anamuongezea bwana wake wabunge, na watoro walitakiwa warudishwe. Wengi waliamini utumwa utajifia taratibu. Alafu 1793 ikaja mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, na viwanda vya Uingereza vinalilia pamba, biashara ikalipuka. Watumwa walikua kama laki 7 mwaka 1790, ikifika 1860 wanakaribia milioni 4, na ukiwapigia bei kama walivyopigiwa wakati ule, thamani yao ilizidi reli na viwanda vyote vya nchi ile kwa pamoja. Mtu mwenye mali kiasi hicho haumwambii "achia" akaachia.

Na usidhani Kaskazini walikua malaika. Pamba hiyo hiyo ya jasho la watumwa ilisokotwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na hapo na sisi tunaingia, maana ile merikani, kitambaa cha pamba walichovaa mababu zetu, ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, walikua na mkataba na Seyyid Said tangu 1833. Wanashusha vitambaa wanapakia pembe za ndovu na sandarusi, alafu merikani inabebwa na misafara mpaka Tabora na Ujiji. Na Unguja yenyewe karafuu zinachumwa na watumwa. Vita vilipoanza kwao, merikani ikaadimika kwenye soko la Unguja. Kwahiyo tukiisoma hii habari tusiisome kama watu wa mbali sana.

Basi ugomvi wenyewe kwa miaka mingi haukua "tufute utumwa au tusifute". Waliotaka ufutwe mara moja walikua wachache na walikua wanapigwa mawe hata huko Kaskazini. Ugomvi ulikua juu ya ardhi mpya: nchi inapanuka kwenda magharibi, jimbo jipya likiingia liingie na watumwa au bila watumwa? Maana kila jimbo lina maseneta wawili, na 1819 mizani ilikua 11 kwa 11. Missouri ikataka kuingia na watumwa, wakakaa wakapata muafaka wa 1820: Missouri iingie na watumwa, Maine iingie bila, na wakachora mstari kwenye ramani, kaskazini ya mstari huo utumwa marufuku isipokua Missouri yenyewe. Ukashika miaka 30 na ushee. Sisi tunaijua miafaka bwana, unasainiwa watu wanapeana mikono picha zinapigwa, na kila upande unarudi nyumbani kujipanga.

Kilichoharibu, kwa maoni yangu, ni kwamba kila ulinzi mpya wa utumwa ulikua unamkata na mzungu wa Kaskazini ambae hata hakua na habari na mtu mweusi. 1836 Bunge likapitisha kanuni kwamba maombi yoyote ya wananchi kuhusu utumwa yawekwe pembeni bila kujadiliwa. Hebu fikiria, mwananchi wa Massachusetts anaandikia Bunge lake barua, haisomwi. Rais mstaafu John Quincy Adams, ambae baada ya urais alirudi kua mbunge wa kawaida (sijui huku kwetu nani angekubali hilo), akaipiga vita kanuni hiyo mpaka ikafutwa 1844. Watu wakaanza kujiuliza, kumbe ili mtumwa abaki mtumwa na mimi inabidi nizibwe mdomo?

Alafu ikaja vita na Mexico 1846 mpaka 1848, wakajichukulia ardhi kubwa ajabu, na ugomvi wa ardhi mpya ukafufuka upya. Muafaka mwingine, 1850. California ikaingia bila utumwa, na Kusini wao wakapewa sheria kali ya watumwa watoro. Hii sheria ndo ilimpeleka Margaret, na mimi naona ndo iliyovunja nchi kuliko jambo lingine lolote. Mtuhumiwa haruhusiwi kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, hakuna baraza la wazee wa mahakama, anaamua kamishna mmoja tu, na kamishna huyo akiamua mtu arudishwe utumwani analipwa dola 10, akimuachia analipwa dola 5. Sio utani, imeandikwa kwenye sheria. Alafu wewe raia unaejipitia zako unaweza kuamriwa usaidie kukamata, na ukimficha mtoro ni faini mpaka dola 1,000 na jela mpaka miezi sita.

Kwahiyo mtu wa Boston ambae utumwa alikua anausikia tu kwenye magazeti sasa anauona mtaani kwake. 1854 walimkamata mtumwa mtoro Anthony Burns pale Boston, na ili kumfikisha kwenye meli ikabidi apitishwe katikati ya maaskari wenye bunduki, majengo njiani yametundikwa vitambaa vyeusi vya msiba, watu kwa maelfu wamejaa barabarani wanazomea. Mtu mmoja! Wapo waliolala siku hiyo ni wahafidhina hawana shida na mtu, wakaamka wapinga utumwa. Majimbo ya Kaskazini nayo yakaanza kutunga sheria za kuikwepa ile ya 1850, na mahakama ya jimbo la Wisconsin ikathubutu kutamka kwamba sheria hiyo inavunja katiba. Si ndo haki za majimbo hizo? Mahakama ya Juu ya nchi ikaipiga chini Wisconsin mwaka 1859, na Kusini hawakulalamika.

Mwaka huo huo wa Burns, seneta Stephen Douglas wa Illinois akaja na mswada wa Kansas na Nebraska. Jamaa alikua na mahesabu yake ya reli ya kwenda magharibi, akataka kura za Kusini, akakubali ule mstari wa 1820 ufutwe na wakazi wa huko wajiamulie wenyewe kwa kura. Kwenye karatasi ni demokrasia safi. Kilichotokea, uchaguzi wa Kansas wa Machi 1855, wenye sifa ya kupiga kura walikua kama 2,900, kura zilizopigwa zikazidi 6,000! Watu wamevuka kutoka Missouri na silaha, wamepiga kura wamerudi makwao kula. Wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Zikaundwa serikali mbili, wakaanza kuchinjana.

Na Mei 1856 ndo mambo yakahamia bungeni kwenyewe. Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alitoa hotuba ndefu kuhusu Kansas akamkejeli mzee mmoja wa South Carolina, seneta Butler. Siku mbili mbele mbunge Preston Brooks, ndugu yake Butler, akaingia kwenye ukumbi wa Seneti akamkuta Sumner kakaa anaandika, akamshushia fimbo kichwani. Sumner miguu imebanwa chini ya meza, na meza imefungwa sakafuni kwa skrubu, akahangaika mpaka akaing'oa, damu imejaa machoni, na mwenzake anaendelea kupiga mpaka fimbo ikavunjika vipande. Sumner alikaa nje ya kiti chake zaidi ya miaka mitatu. Brooks akapigwa faini ya dola 300, akajiuzulu, wapigakura wake wakamrudisha bungeni, na watu wa Kusini wakawa wanamtumia fimbo mpya kama zawadi.

Baada ya hapo mlima ukawa mteremko. 1857 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliedai uhuru wake mahakamani, jaji mkuu Roger Taney akasema mtu mweusi hawezi kua raia wa Marekani, awe mtumwa awe huru, na Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa kwenye maeneo mapya. Yani muafaka wa 1820 haukua halali tangu mwanzo. Sasa mtu akishasema hivyo mnakaa kujadili nini tena? 1859 John Brown, mzungu mpinga utumwa, akavamia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry, Virginia, akitaka kuwasha uasi wa watumwa, akakamatwa akanyongwa, Kaskazini wengine wakamlilia kama shahidi na Kusini wakaona kumbe hawa wanataka tuchinjwe vitandani. 1860 chama cha Democrat kikapasuka, Lincoln wa Republican akashinda kwa kura kama asilimia 40 tu, na kwenye majimbo kumi ya Kusini hakupata hata kura. Na hakusema atafuta utumwa, alisema tu usiongezwe mahali pengine. Hiyo tu ikatosha.

Mpe huyo jamaa haki yake kidogo: Lincoln alipoingia vitani alisema anapigania nchi isigawanyike, hakusema anakomboa watumwa, na Kentucky hapo ng'ambo ilibaki upande wake ikiwa na watumwa. Hilo ni kweli. Ila waliojitenga walisema wazi sababu yao. South Carolina walijitoa Desemba 20, 1860 wakaandika tamko, na lalamiko kubwa humo ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kurudisha watoro, na eti New York hairuhusu tena mtu kupita na watumwa wake. Yani wanalalamika kwamba majimbo mengine yana haki! Mississippi wakaandika kwamba msimamo wao umefungamana na utumwa. Makamu wa rais wao Alexander Stephens, Machi 1861 pale Savannah, akasema jiwe la msingi la serikali yao mpya ni kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mzungu. Ya kodi sikuyaona kwenye midomo yao kwa uzito huo, na ile sheria ya ushuru iliyokuwepo, ya 1857, ilikua ya chini kabisa kwa miaka mingi na Kusini waliiunga mkono wenyewe.

Na kama bado anabisha mwambie asome katiba yao hao waliojitenga. Imeandikwa isipitishwe sheria ya kugusa haki ya kumiliki watumwa, na raia yeyote anaweza kuingia na kukaa na watumwa wake kwenye jimbo lolote. Jimbo likitaka kua huru kabisa humo ndani haliwezi.

Hapo kando ya mto kuna makumbusho, Freedom Center, wana jengo la magogo la zamani lililohamishwa kutoka Kentucky, wafanyabiashara walikua wanawafungia watumwa humo kabla ya kuwapeleka sokoni kusini. Siku ukiwa off nenda, na huyo jamaa mbebe. Alafu unipigie unambie alisema nini, ila upige usiku maana mchana niko darasani.

Nisalimie shemeji na wanao.